Matundu Matatu kwenye Salfeti

Wajukuu zangu mnaoanza kazi ya mifugo, nawaandikia nikiwa na hasira. Marehemu mume wangu angekuwepo angeniambia niingoje ipoe kwanza. Lakini najijua: hasira yangu ikipoa naanza kuongea lugha ya semina, na semina mmeshazikalia mpaka makalio yameota sugu.

Jumatatu alikuja kwangu hapa Yakobi binti anaitwa Tumaini. Ndiyo kwanza amepangiwa kazi Makambako, kwenye ofisi ile ile niliyoiacha nilipostaafu. Alivua viatu mlangoni, akanisalimu vizuri, akanywa chai na viazi vya kuchemsha bila kujifanya ameshiba. Nikampenda. Kisha akafungua daftari.

"Bibi, wameniambia wewe ndiye unayejua mambo ya paka. Kamati ya soko la mahindi kule Lyamkena inataka paka wote waondoke kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia, wanasema wanayachafua. Wanataka sumu. Nimekuja kuuliza kipimo."

Nilimwambia afunge daftari. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mimi ni mama wa kanisa. Mtoto wa watu akatoka kwangu macho mekundu, na chai hakuimaliza. Kosa halikuwa lake, alitumwa tu. Ndiyo maana sasa nakaa chini nieleze kwa utaratibu kile nilichopaswa kumweleza siku ile.

Nimekuwa afisa mifugo msaidizi Makambako miaka mingi. Sokoni waliniita Mama Mifugo, na wapo wasiojua jina langu lingine mpaka leo. Nimechanja mbwa, nimezalisha ng'ombe kwenye matope, nimekimbizwa na nguruwe jike mbele ya mkuu wangu wa kazi. Lakini kitu ninachojivunia ni paka tisa wa soko lile. Niliwakamata mmoja mmoja, daktari wa mifugo akawahasi, tukawachanja kichaa cha mbwa, tukawakata ncha ya sikio la kushoto ili mtu akiwaona ajue hawa wameshashughulikiwa. Kisha tukawarudisha pale pale walipotoka. Tangu hapo soko halikupata tena kelele za paka wakigombania majike, wala vitoto vya paka kwenye maboksi.

Anayewalisha ni Mama Tulalumba, mjane anayeuza uji na maandazi karibu na mizani. Naye ana magunia yake machache ya mahindi, anayaweka chini ya banda la wazi kwa sababu chumba cha ghala hakimudu. Kabla ya paka wale kutulia, panya walimwachia magunia nusu na makapi. Kati ya wale tisa kuna jike mmoja wa kijivu mwenye michirizi, anayekalia jukwaa la mizani kutwa nzima kama ameajiriwa. Mama Tulalumba akampa jina la Karani. Wabeba mizigo walimzoea, wakifika na gunia wanamwambia, "Karani, samahani," naye anashuka akipenda.

Hao ndio wanaotakiwa kupewa sumu. Sasa mnaona nilivyochemka?

Sumu naijua. Nilipokuwa mgeni kazini, bosi wangu wa wakati huo alitega nyama yenye sumu kwenye soko moja, akaniambia niandike kwamba zoezi limekwenda vizuri. Paka walikufa, ndiyo. Mmoja alifia bondeni, akaliwa na nguruwe jike wa mama mmoja aliyekuwa amebakiza wiki mbili tu azae. Nguruwe akafa na watoto wote tumboni. Yule mama alikuja ofisini akakaa kwenye benchi, hakutukana, hakulia, alikaa tu. Ningependelea angetukana. Na sumu ile ile ingeweza kuokotwa na kuku, au na mtoto anayetambaa. Atakayekuambia anajua kuitega ili imfikie paka peke yake anakudanganya, hata akiwa na digrii tatu.

Halafu mjue siri ya sokoni. Wengi wetu huku tumekua tukiambiwa kwamba kumuua paka ni mkosi. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuua kwa mkono wake. Wanakuja ofisini. "Mama Mifugo, ua wewe, wewe ni serikali, serikali haipati mkosi." Nimeisikia sentensi hiyo mpaka nikaiota. Basi mtu mzima na heshima zake anakuletea mkosi wake uubebe, na kesho yake kanisani anakupa mkono wa amani.

Baada ya miezi mitatu soko lile la sumu lilikuwa na paka wengine. Bosi akashangaa. Mimi pia nikashangaa, kwa sababu chuoni hawakunifundisha. Aliyenifundisha ni Mzee Lutengano.

Mzee Lutengano alikuwa mhudumu wa josho. Cheti hakuwa nacho, na kofia yake ya sufu hakuivua hata mbele ya mkuu wa wilaya. Alinipeleka nyuma ya mabanda ya dagaa, akanionyesha vichwa vya dagaa vimemwagwa chini, utumbo wa kuku, maganda, uji uliochacha. "Binti," akasema, "paka hamfuati mtu. Anafuata sahani. Umeondoa walaji, sahani umeiacha mezani. Unategemea nini?" Kwa hiyo kazi ya kwanza ya paka ni ufagio. Mnabishana na wauza dagaa mpaka wakubali pipa lenye mfuniko. Watawachukia. Wachukieni na wao mkitaka, lakini pipa lifunikwe.

Kazi ya pili ni mtego, na hapa wengi wenu mna haraka za ajabu. Mtego wangu alinitengenezea fundi wa kuchomelea mtaa wa Ramadhani, wa nondo nyembamba na wavu. Unaufunga mlango kwa kamba usijifunge, unaweka chakula ndani saa ile ile kila siku, na unaondoka. Usisimame kuchungulia. Chambo kizuri ni dagaa wa Ziwa Nyasa wa kukaanga. Wale wanaoletwa na watu wa Ludewa wananukia mpaka mwenye mtego anatamani kuingia. Siku ya tano au ya sita, paka akishaona ni jikoni kwake, ndipo unaifungua kamba. Mlango ukishuka, funika mtego wote kwa blanketi hapo hapo, kabla hujashangilia. Paka akiwa gizani anatulia. Akiona nyuso zenu atajipasua pua kwenye wavu.

Na baridi. Jamani, baridi! Paka wa kwanza kabisa kuhasiwa chini ya uangalizi wangu tulimfanyia Njombe mjini, mwezi wa saba. Daktari alifanya kazi safi. Mimi nikamlaza kwenye sakafu ya saruji juu ya gazeti, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amekufa. Nikalia kama mjinga. Mzee Lutengano akamgusa paka, kisha akagusa sakafu.

"Mnyama aliyelala dawa hajui kujikunyata," akasema. "Wewe ulikuwa umevaa sweta mbili. Yeye ulimvalisha nini?"

Tangu siku ile, chupa mbili za maji ya moto zimefungwa kwenye kitambaa, moja kila upande. Kama jike ni mgonjwa au chuchu zake zina maziwa, msimpasue, mfungulieni arudi, maana kuna watoto mahali wanamsubiri. Wekeni hayo kichwani. Mimi yalinigharimu wanyama.

Kuhusu sikio, acheni niwachekeshe kidogo, maana hasira peke yake inachosha. Tulipoanza kukata ncha za masikio, Lyamkena ikachafuka. Ikasemwa kuna mchawi anaweka alama paka wake. Mtu mmoja akahama upande wa soko. Nikamwomba mwinjilisti anisaidie kwenye matangazo baada ya ibada, naye kwa nia njema akatangaza: "Wapendwa, msiogope, paka wote wenye sikio lililokatwa ni wa Mama Mifugo." Basi! Kuanzia Jumatatu nikaanza kugongewa mlango. "Mama, paka wako kaiba nyama." "Mama, paka wako kalala kwenye unga wangu." Kuna mzee alinidai kitoweo mwaka mzima, kila tukikutana. Lakini hakuna aliyewagusa tena kwa kuogopa uchawi, kwa hiyo nikayameza.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho sikumwambia Tumaini Jumatatu, kwa sababu nilikuwa nimejaa ukali na mkali huwa hajikumbuki.

Miaka ile baada ya kifo cha nguruwe, soko la Lyamkena nalo lilidai sumu. Nikakataa, nikasema nina njia ya huruma. Njia yenyewe ilikuwa salfeti. Makambako ni njia panda, malori yanakwenda kila upande, na mengine yalikuwa yanarudi Njombe matupu kufuata viazi na mbao. Nikawafundisha wanakamati: mkamateni paka kwa blanketi, mtieni kwenye salfeti, kateni matundu matatu chini ya upindo ili apate hewa, si zaidi ya matatu maana mfuko utachanika, fungeni mdomo kwa kamba ya katani kwa fundo la ndama, lile lisilokaza. Mpeni utingo, akamwachie porini mbele ya safari. Hakuna damu, hakuna mkosi. Wakanipigia makofi. Mwenyekiti wa soko, ambaye alikuwa kijana wakati ule, akaniletea debe la maharage nyumbani.

Mzee Lutengano ndiye peke yake hakupiga makofi. "Umewatuma wapi?" akaniuliza.

"Mbali, mzee. Huko wataishi."

"Huko hakuna wenyewe?"

Nikamcheka. Nilimwambia zama zake za josho zimepita. Nilikuja kuelewa baadaye sana, niliposikia wauza viazi wa Njombe nao wana tabia ya kupakia vitoto vya paka kwenye malori yanayokwenda Makambako. Miji miwili inapelekeana salfeti, kila mmoja unajiona umesafisha! Na paka aliyetupwa ugenini hajui maji yako wapi wala mbwa gani ni mkali. Wengi hawamalizi wiki. Nilipoelewa, niliacha njia ile, nikatafuta daktari wa kuhasi, nikaanza na wale tisa. Lakini kuna kitu sikufanya. Sikurudi mbele ya kamati kusema kwamba nilichowafundisha kilikuwa kosa. Niliona haya. Nikadhani wakiiona njia mpya, ile ya zamani itajifia yenyewe.

Alhamisi, siku tatu baada ya Tumaini kuondoka kwangu, jirani yangu aliniita barabarani. Kulikuwa na salfeti kwenye mtaro, inacheza. Niliikaribia na panga nikidhani ni nguruwe mtoto. Kisha nikaona matundu. Yalikuwa matatu, chini ya upindo, yamepangwa vizuri. Mdomo umefungwa kwa katani, fundo la ndama.

Nilikaa chini kwenye majani. Jirani akadhani presha imepanda.

Nilipofungua, alitoka dume mweupe, akaruka mtaro na kuingia kwenye msitu wa misonobari. Sikio lake la kushoto lilikuwa halina ncha. Wa pili hakutoka. Alikuwa kitoto cheusi ambacho mtu alikitupa sokoni wiki hizi, amekufa, amelaliwa na wenzake. Wa tatu alikuwa chini kabisa, amejibana, na hata kabla sijamgeuza niliijua ile michirizi ya kijivu. Alikuwa Karani.

Kumbe hawakungoja kipimo cha sumu. Walikuwa na njia ya huruma ya Mama Mifugo.

Nilimfungia Karani kwenye mtego, nikamfunika blanketi, nikampigia simu Tumaini. Alipokea kwa uoga. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa Jumatatu. Kesho nakuja Makambako. Iite kamati."

Kwenye Kosta kondakta aliuliza kama mzigo wangu unanuka. Nikamwambia unanuka kuliko yeye anavyofikiri.

Mama Tulalumba aliniona kabla sijafika mizani. "Kamwene, mama," akanisalimu. Nikaitika, "Kamwene." Akanivuta pembeni akanionyesha magunia yake. Mawili yalikuwa yameshatobolewa pembeni, mahindi yanavuja chini. Siku tatu tu! "Wamewachukua wote asubuhi moja," akasema. "Niliwaita kula, wakaja, wakawekewa blanketi mbele yangu. Wamekamatwa kwa sauti yangu mimi." Kisha akalia, mama yule ambaye sikuwahi kumwona analia hata kwenye msiba wa mumewe. Nikainua pembe ya blanketi aone aliyemo. Akaziba mdomo kwa kanga.

Kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ghala. Nilikuwa nimejiandaa kuwaka. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye maneno makali na mstari mmoja wa Biblia. Nikaitupa ile salfeti tupu mezani.

"Nani amefunga huu mfuko?"

Mwenyekiti, sasa mzee wa mvi, akaushika, akaugeuza, akanitazama bila kiburi chochote. "Tumefunga sisi, Mama Mifugo. Tumekosea wapi? Matundu ni matatu, kama ulivyotufundisha. Fundo ni lile lile. Vijana walitaka kukaza, mimi nikasema hapana, Mama alikataza. Huyu binti alipokawia na sumu tukasema afadhali, tutumie njia yako, ni ya huruma zaidi."

Hotuba nikaiacha hapo hapo. Tumaini alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari lake, na nilijua atakachoandika siku ile atakibeba maisha yake yote ya kazi.

Nikasema, "Nilikosea."

Nikarudia kwa sauti, wabeba mizigo wasikie. "Nilichowafundisha kilikuwa kosa. Nimelijua miaka mingi na sikuja kuwaambia, kwa sababu niliona haya. Mfuko huu nimeufunga mimi. Kati ya waliokuwa ndani, mmoja amekufa, mmoja yuko porini kwangu Yakobi hajui alale wapi. Saba wengine mmewapeleka wapi?"

Mwenyekiti akataja lori la kwenda Mbeya. Utingo hajulikani jina. Wale saba nimewaandika kwenye deni langu, na hilo deni halilipiki.

Sikuwabembeleza. Niliwaambia waliochanjwa wakiondoka, nafasi yao itajazwa na wasiochanjwa, na mtoto atakayekwaruzwa na paka mwenye kichaa atakuwa wa mmoja wao pale mezani. Niliwaonyesha magunia ya Mama Tulalumba. Nikawaambia sumu wakiisambaza kwenye mahindi ya watu, mimi mwenyewe nitasimama getini kuwaambia wanunuzi. Tumaini naye akasogea mbele, akasema kwamba mitego anaweza kuazima, daktari yupo, na yeye kipimo cha sumu hatakiandika. Nilitaka kumkumbatia, lakini kazini hatukumbatiani.

Mwenyekiti alikuwa na mfuko mapajani mwake, anaingiza kidole kwenye tundu moja na kukitoa.

Nikainua mlango wa mtego. Karani hakumshukuru mtu. Alitoka akinusa chini, akapita katikati ya miguu ya kamati nzima, akaruka juu ya jukwaa la mizani, akakaa na kuanza kujilamba mguu. Wakati huo huo vijana wawili walifika na gunia la mahindi mabegani, jasho linawatoka, wakasimama. Mmoja akanyanyua mguu amsukume.

"We!" mwenyekiti akapaza sauti. "Mngoje ashuke."